Mitungi Sita kwa Moto wa Magodoro: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha kufundishia. Nimekipanga kwa ajili ya viongozi wa zamu, na hakimsemi mtu, kituo wala duka lililopo. Vya kweli humu ni mji wenyewe, bidhaa zinazojaa madukani mwetu, namna vifaa vinavyofanya kazi, na yale ambayo watafiti wameshayapima kuhusu moshi na miili ya wazimamoto. Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), mbali na jeshi la zimamoto la Bara, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Dar es Salaam huenda akaona vyeo na taratibu zinatofautiana kidogo na zake. Moshi ni ule ule.

Usiku wenyewe

Ni Februari, kaskazi inavuma na joto halishuki hata usiku. Saa saba na nusu simu inaingia kituoni: duka la magodoro na mazulia linawaka ukingoni mwa Mji Mkongwe, upande wa Darajani. Jengo ni la zamani, kuta za mawe na chokaa, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Mbele ni duka, nyuma ni ghala lisilo na dirisha, juu hakai mtu. Ndani mna magodoro ya sponji yaliyopangwa mpaka darini, mazulia ya nailoni, makochi na mapazia. Gari la zimamoto linafika upesi lakini haliingii kichochoroni, kwa hiyo hosi zinavutwa kutoka barabarani.

Zamu ina watu sita: sajini ambaye ndiye mkuu wa zamu, koplo, askari watatu, na dereva ambaye pia ndiye anayeendesha pampu. Seti za mitungi ya hewa ni nne, na mitungi ya akiba ni miwili. Kila mmoja ana koti na suruali ya moto ya tabaka tatu, zote za msaada kutoka Ulaya, kila moja na umri wake. Kofia za kitambaa, zile zinazofunika kichwa na shingo chini ya helmeti, ziko tatu tu.

Saa saba na dakika arobaini koplo na askari mmoja wanaingia. Firimbi ya mtungi inalia, wanatoka, jozi ya pili inaingia. Jozi ya kwanza inabadilishiwa mitungi ya akiba na kurudi ndani. Saa tisa na dakika tano ndimi za moto hazionekani tena. Mitungi yote sita imekwisha.

Sajini anawaambia vijana wake wavue barakoa wapumzike. Mwenye duka, mzee wa makamo, amesimama mlangoni na sheha, kiongozi wa mtaa. "Wanangu, nakuombeni," anasema. "Yale ya chini hayajashika moto. Yatoeni kabla hayajaharibika, ndiyo riziki yangu ile." Sajini anamjibu, "Tutajitahidi, mzee wangu," na watu wanarudi ndani, safari hii bila hewa. Mmoja amejifunga kitambaa kilicholowa puani. Wawili wana barakoa za karatasi zilizobaki tangu enzi za korona. Kwa saa mbili wanachokonoa mabaki, wanaburura magodoro yanayofuka moshi mweupe na kuyamwagia maji uchochoroni. Dereva hajaondoka kwenye pampu tangu walipofika, na upepo wa kaskazini mashariki umekuwa ukimletea moshi usoni usiku kucha.

Adhana ya alfajiri inawakuta hapo hapo. Wanaosali wanaingia msikitini, wanatia udhu, wanasali, kisha wanarudi kukunja hosi. Makoti yanatupwa nyuma ya viti vya gari, vioo vinafungwa, wanarudi kituoni. Njiani koplo anasema kichwa kinampasuka, na kabla ya kufika anatapika. Hospitali anabanwa kidole kwenye kipimo cha oksijeni, kinasoma 98. Anaambiwa ni uchovu na joto, akapumzike. Anakwenda nyumbani na koti lake ndani ya mfuko. Mkewe analifua kwenye beseni lile lile la nguo za watoto, anatia jiki ili weusi utoke, anaanika juani.

Hesabu ya hewa

Ni rahisi kumlaumu sajini kwa ile amri ya kuvua. Tupige hesabu kwanza.

Mtungi wa kawaida wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha shinikizo) una takriban lita 2,000 za hewa. Firimbi hulia zikibaki baa 50 hivi, na hewa hiyo ya mwisho ni ya kutokea nje, haipangiwi kazi. Zinabaki baa 250, yaani lita 1,700. Mtu anayeburura hosi iliyojaa maji ndani ya joto hupumua lita 60 kwa dakika, na akihamanika hupita hapo. Gawa 1,700 kwa 60 unapata dakika 28. Mitungi sita kwa watu wawili wawili ni safari tatu, jumla dakika 84. Hapo tumechukulia kwamba kila mtungi umejaa sawasawa. Mtungi ulioachwa kwenye baa 250 tangu mazoezi ya wiki iliyopita hauzidi dakika 22.

Sasa tazama saa. Kutoka saa saba na dakika arobaini hadi saa tisa na dakika tano ni dakika 85. Hewa na moto vilikwisha pamoja, na bado kulikuwa na saa mbili za kazi mbele. Kwa hiyo uamuzi wa kuvua barakoa haukufanyika saa tisa usiku. Ulifanyika zamu ilipopokelewa, mitungi sita ikahesabiwa garini na hakuna aliyeuliza ya kuchokonolea mabaki iko wapi.

Kuna jambo jengine ndani ya hesabu hiyo ambalo nalitaja kwa kupita. Katika safari ya tatu hapakuwa na jozi nje yenye hewa ya kuwafuata wenzao kama mmoja angeanguka. Kama mada yangu ingekuwa uokozi ningelianzia hapo, maana hilo huua usiku huo huo.

Kilichokuwemo ndani ya moshi

Sponji ya godoro ni poliurethani. Ina naitrojeni ndani yake, na ikiungua hutoa sianidi ya hidrojeni pamoja na kaboni monoksaidi. Nailoni ya mazulia nayo hutoa sianidi. Kaboni monoksaidi hushika damu isibebe oksijeni, na sianidi huzuia seli zisiitumie hata ile iliyofika. Hao ni wauaji wa haraka. Wa polepole ni benzini, formaldihaidi, na jamii kubwa ya hidrokaboni zenye pete nyingi, ambazo hujibandika kwenye masizi na kusafiri nayo popote yaendapo: kwenye ngozi, kwenye kitambaa, kwenye kiti cha gari.

Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, uliiweka kazi ya uzimamoto yenyewe katika Kundi la 1, kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Humo humo ndimo zilimo asbesto na moshi wa sigara. Tathmini ya awali, ya mwaka 2007, ilikuwa imeishia kusema "inawezekana". Ushahidi ulioitwa wa kutosha ulihusu saratani mbili: ya kibofu cha mkojo, na mesothelioma, ile ya utando wa mapafu inayofungamana na asbesto. Kwa tezi dume, korodani, utumbo mpana, melanoma ya ngozi na aina moja ya limfoma (saratani ya tezi za limfu), ushahidi upo lakini ni mdogo. Kibofu kikumbuke, tutakirudia.

Linalosumbua zaidi katika kisa chetu ni kwamba saa mbili za hatari kubwa kwa mapafu ndizo zilizoonekana tulivu. Sponji inayofuka bila ndimi inaungua nusu nusu, na kuungua nusu nusu ndiko kunakozalisha sumu nyingi kwa kila kilo. Joto limepungua, macho yanaona, mtu anahisi kazi imekwisha. Huko Phoenix, Arizona, watafiti walipima hewa wakati wazimamoto wakichokonoa mabaki, wakachapisha matokeo mwaka 2000: sumu kadhaa zilivuka viwango vinavyokubalika kazini, na kipimo cha kaboni monoksaidi peke yake hakikutosha kutabiri zilizobaki. Yaani kifaa chako cha kupimia gesi kinaweza kukuambia pako shwari, na formaldihaidi bado iko.

Barakoa ya karatasi haizuii gesi hata chembe. Kitambaa kilicholowa hupoza pua tu. Barakoa ya mpira yenye chujio ni kitu cha maana zaidi, na wapo wanaoipendekeza kama njia ya kati kwa vikosi visivyo na mitungi mingi. Mimi naikubali kwa masharti. Chujio haliongezi oksijeni, na la kawaida halizuii kaboni monoksaidi, kwa hiyo halivaliwi ndani ya chumba mpaka kifaa cha gesi kionyeshe oksijeni ya kutosha na kaboni monoksaidi chini ya sehemu 35 katika milioni. Na hata hapo tusijidanganye. Utafiti mwengine wa Arizona, uliochapishwa 2001, uliwalinganisha wazimamoto wa Tucson waliochokonoa mabaki bila kinga na wa Phoenix waliovaa chujio. Mapafu ya makundi yote mawili yalionyesha athari.

Shingo

Tumchukue askari wa jozi ya pili. Alivaa barakoa muda wote wa moto, hakupumua moshi mpaka saa tisa. Lakini alikosa kofia ya kitambaa, maana zilikuwa tatu na yeye alikuwa wa nne. Tuseme basi angekuwa nayo. Je, angesalimika?

Kiasi, si kabisa. Nguo ya moto ya tabaka tatu hutengenezwa hivi: nje kitambaa kigumu cha aramidi kinachostahimili ndimi, katikati utando unaozuia maji, ndani bitana ya kuzuia joto. Imebuniwa kwa ajili ya joto na majimaji. Moshi hautafuti kupenya kitambaa; hupita palipo wazi, yaani kola, vifundo vya mikono, na pale koti linapokutana na suruali. Mtu akiinama, akisimama, akitambaa, nguo inavuta na kutoa hewa, na hewa hiyo ni moshi. Kofia ya kitambaa ya kawaida nayo imefumwa kuzuia joto. Kwa masizi laini ni chandarua mbele ya vumbi. Kofia mpya zenye tabaka la kuzuia chembe zimeanza kupata nafasi katika viwango vya Marekani tangu toleo la 2018 la NFPA 1971 (NFPA ni chama cha Marekani kinachoandika viwango vya zimamoto), na kama kikosi kinaandika orodha ya maombi kwa mfadhili, hizo ndizo za kutaja kwa jina.

Shingo hukusanya uchafu kuliko sehemu nyingi za mwili, na ngozi yake ni nyembamba. Katika vipimo vilivyofanywa Illinois na kuchapishwa 2017, wazimamoto waliovaa mavazi kamili na mitungi walikutwa na hidrokaboni hizo shingoni baada ya moto. Kujifuta shingo kwa vitambaa vya maji maji papo hapo kulipunguza uchafu huo kwa takriban asilimia 54. Na si jambo geni kwamba masizi ya ngozini huzaa saratani: Percivall Pott, tabibu wa upasuaji wa London, aliliandika mwaka 1775 kuhusu wasafisha mabomba ya moshi, waliopata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa masizi yaliyokaa kwenye mikunjo ya ngozi.

Sasa rudi kwenye birika la msikiti. Askari wetu ametia udhu. Ameosha uso, mikono hadi viwiko, amepaka maji kichwani, ameosha miguu. Ni kama robo tatu ya kile ambacho mtaalamu wa afya kazini angemwagiza afanye, na amefanya bila kuagizwa na yeyote. Kilichobaki ni shingo, kwa sababu shingo haimo katika faradhi za udhu. Angeshuka na kipande cha sabuni na kitambaa, akasugua shingo na nyuma ya masikio kabla ya kuanza udhu, angekuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi ya kujisafisha kwa dakika mbili. Kwa kikosi ambacho wengi wao wanasali, sioni njia nyepesi kuliko hii ya kuliingiza zoezi hilo: liunganishwe na kitu ambacho watu tayari wanasimama kukifanya. Sabuni na vitambaa vikae garini, visitegemewe vya msikiti.

Kuhusu kofia tatu kwa watu wanne walioingia: kofia iliyolowa jasho na masizi ya koplo ikivaliwa na askari wa jozi ya pili, amevishwa uchafu wa mwenzake shingoni kwake. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika seti nzima. Kila mtu angekuwa na mbili, moja shingoni na moja kwenye ndoo.

Ndevu nazo hazina budi kutajwa hapa. Barakoa ya mtungi huziba kwa mpira unaokaa moja kwa moja kwenye ngozi, na ndevu zikipita chini ya mpira ule, haizibi. Ni kweli mtungi wa kisasa huweka ndani ya barakoa shinikizo kubwa kidogo kuliko la nje muda wote, kwa hiyo moshi hauingii kirahisi, lakini hewa huvuja na dakika 28 zinakuwa pungufu. Kwa wengi wetu ndevu ni Sunna, na amri ya kunyoa ikitolewa kwa kufoka itavunja zamu bila kuleta faida. Mazungumzo hayo yafanyike kituoni, mchana, mbele ya barakoa yenyewe ili mtu asikie kwa sikio lake inavyovuja. Anayebaki na ndevu zake apewe kazi ya nje, mbali na moshi, na asionekane duni kwa hilo.

Dereva, na kidole cha koplo

Dereva hahesabiwi katika moshi kwa sababu hakuingia ndani. Alisimama saa nne hivi akivuta moshi wa moto na wa injini ya dizeli kwa pamoja, na moshi wa dizeli uliingizwa Kundi la 1 na IARC mwaka 2012. Gari huegeshwa upande upepo unakotokea. Mjini kwetu, ambako barabara ndiyo inayoamua gari lisimame wapi, hilo halipatikani kila mara. Basi dereva apate barakoa ya chujio, ambayo nje inafaa kabisa, na apokewe zamu.

Kipimo cha kidole kilichosoma 98 hakikuharibika. Kinatambua damu iliyobeba kitu, hakitofautishi iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Mtu aliyevuta moshi anaweza kuwa na sumu nyingi damuni na kidole kikasoma vizuri. Dalili za koplo, kichwa kuuma na kutapika baada ya saa mbili ndani ya ghala linalofuka, zilitosha kumpa oksijeni ya barakoa bila kusubiri kipimo chengine. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kama saa tano kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi ni saa moja na kitu. Sajini angeweza kumwambia daktari sentensi moja: "Huyu amevuta moshi wa sponji saa mbili bila mtungi." Hakusema, kwa sababu kwake koplo alikuwa amevaa mtungi.

Nguo zinaporudi

Makoti yaliyotupwa nyuma ya viti yaliendelea kutoa gesi ndani ya gari lililofungwa vioo. Wazimamoto wa Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, walijenga utaratibu mzima juu ya jambo hili: kilichochafuka hakiingii sehemu ya watu. Kinavuliwa penye moto, kinafungwa ndani ya mfuko, kinasafiri peke yake. Kwetu mfuko mzito wa plastiki na kamba vinatosha, na nafasi iko juu ya gari, pamoja na hosi.

Kabla ya mfuko, lakini, kuna ndoo. Ule utafiti wa Illinois ulijaribu njia tatu za kusafisha nguo pale pale. Kupuliza kwa hewa hakukusaidia karibu chochote. Brashi kavu ilipunguza hidrokaboni kwa asilimia 23. Maji, sabuni ya vyombo na brashi vilipunguza kwa asilimia 85. Asilimia 85, kwa vitu vinavyouzwa katika kila duka la mtaani! Nimeona vikosi duniani vikijadili nguo za bei ya kutisha huku ndoo haimo katika orodha. Anayesugua avae glavu na barakoa, na mwenye nguo abaki amefunga mtungi wake, kama una hewa, mpaka amalize kusuguliwa.

Kule nyumbani mambo mawili yaliharibika kwa wakati mmoja. Masizi yaliingia kwenye beseni la watoto, na koti lenyewe lilidhoofika. Jiki ina klorini, na klorini hula aramidi. Jua nalo huidhoofisha, kwa hiyo ile kamba ya uani, inayofaa kwa kanga na mashuka, si mahali pa koti la moto. Hufuliwa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, bitana na ganda la nje mbali mbali, na huanikwa kivulini penye upepo. Mke wa koplo asingeweza kuyajua hayo, na hakupaswa kuyajua, kwa sababu koti halikupaswa kufika kwake. Kituo kikiwa na karo mbili za saruji nyuma ya jengo, bomba, na kivuli cha bati, kimeshamaliza suala la kufua.

Makoti ya msaada ni mada yenye hisia, na watu hawapendi kuonekana wanakataa zawadi. Kiwango cha Marekani cha utunzaji, NFPA 1851 cha mwaka 2020, kilitaka nguo iondolewe kazini ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama inaonekana nzima. Tarehe imeshonwa ndani. Isomwe siku mzigo unapofunguliwa, na iliyopita umri itumike kwa mazoezi ya hosi yasiyo na moto. Pia ivaliwe na mtu wa kipimo chake; koti la Mjerumani wa mita mbili likimpwaya kijana wa Makunduchi, kola haifungi, na tumeshaona kola inavyoruhusu moshi kupita.

Joto

Pingamizi nzito dhidi ya yote haya ni hali yetu ya hewa, na halijibiwi kwa mabango. Nguo ya tabaka tatu pamoja na mtungi huongeza mwilini uzito unaoweza kufika kilo 20 na zaidi, na katika unyevu wa Februari jasho halikauki. Moyo unabeba mzigo huo. Marekani, karibu nusu ya vifo vya wazimamoto kazini hutokana na moyo kusimama ghafla, wala si moto. Sajini aliyesema "vueni" alikuwa analinda kitu cha kweli.

Lakini walivua wakaingia tena. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kama joto limewashinda, mahali pa kuvulia ni upande wa upepo, mbali na mlango, na ukishavua usirudi ndani. Baada ya mitungi miwili mtu apumzike, anywe maji, atumbukize mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji ya baridi, jambo linaloshusha joto la mwili vizuri kuliko feni. Ndoo hiyo isiwe ile ya sabuni, kwa wanaojiuliza.

Sasa, saa tisa na dakika tano, bila mtungi wenye hewa, sajini alikuwa na uwezo gani? Mkubwa tu. Hapakuwa na mtu ndani wa kuokolewa. Angeweza kuwatoa wote, kufungua milango ya mbele na nyuma hewa ipite, kuweka hosi mlangoni ikimwaga maji kutoka nje, na kusubiri mapambazuko huku kituo kikileta mitungi iliyojazwa. Jengo lenyewe lilimpa sababu: sakafu ya chokaa hunywa maji na kuwa nzito, na boriti za mikoko zilizoungua hazitoi taarifa kabla ya kukatika. Magodoro ya chini, hata kama hayakushika moto, yalikuwa yamekaa ndani ya moshi wa sianidi na masizi kwa zaidi ya saa nzima. Nani atamuuzia mtoto wa mwenzake alale juu yake?

Ugumu ni kumwambia mzee huyo, usiku ule, mbele ya sheha. Ningependa kila mkuu wa zamu awe na maneno yake tayari. Mfano: "Mzee wangu, pole sana. Vijana wangu hawana hewa, na dari hii siiamini. Tutaulinda moto usiende kwa jirani, na kukipambazuka tutaingia pamoja na wewe uone kilichobaki." Amepewa heshima yake, amepewa ahadi inayotimizika, na hakuna aliyeingia.

Kwa upande wa manunuzi, kikosi chenye fungu dogo kianze na ndoo, sabuni, mifuko na kofia mbili za shingo kwa kila mtu. Kisha mitungi minne zaidi ya akiba kwa kila gari, ambayo inaongeza dakika 56 kwenye ile hesabu ya 84. Kifaa cha gesi baada ya hapo, barakoa za chujio baada ya hicho. Nguo mpya ningeziweka mwisho, nikijua wengi watanipinga.

Damu kwenye mkojo

Nilisema tutarudi kwenye kibofu. Saratani ya kibofu hujitokeza miaka mingi baada ya moshi, na dalili yake ya kawaida ni damu kwenye mkojo bila maumivu. Katika visiwa vyetu dalili hiyo tayari ina mwenyewe. Kichocho cha mkojo kimekuwepo Unguja na Pemba kwa vizazi, watoto wa skuli wamegawiwa dawa yake miaka na miaka, na mwanamme aliyekulia kando ya mabwawa na mito ya Pemba, akiona damu, atasema ni kichocho, na tabibu atakubaliana naye. Mara nyingi watakuwa sahihi. Shida ni kwamba kichocho hicho nacho kimo katika Kundi la 1 la IARC, kwa saratani ya kibofu hicho hicho. Askari wa zimamoto aliyeogelea bwawani utotoni ana sababu mbili, na moja huificha nyengine.

Kwa hiyo katika kitabu cha zamu cha usiku wa Darajani, mbali na saa ya kufika na saa ya kuondoka, ningetaka kila jina liwe na mistari mitatu: kiliungua nini, alikaa ndani dakika ngapi akiwa na hewa, na dakika ngapi bila hewa. Koplo apewe nakala yake. Akiona damu miaka 15 baadaye, aende nayo hospitali, amwambie daktari kazi aliyofanya, atibiwe kichocho kama kipo, na mkojo upimwe tena baada ya dawa. Damu ikiwa bado ipo, apelekwe akachunguzwe kibofu, asirudishiwe vidonge vile vile.